Maumivu Sugu Hayaamuliwi na Mtu Mmoja

“Wewe ndiye daktari.” Hakuna tabibu wa Afrika Mashariki ambaye hajaambiwa hivyo, na wengi wao wameifanya kauli hiyo kuwa ushahidi. Mgonjwa mwenyewe kasema: hakuja kuulizwa, kaja kutibiwa. Hapo ndipo uliposimama msimamo unaosikika wodini, kwenye semina na mezani kwa watunga sera, kwamba habari ya daktari na mgonjwa kukaa wakaamua tiba pamoja ni anasa ya nchi zenye madaktari wa kumwaga na bima nono. Huku kwetu, wanasema, foleni imefika getini, mgonjwa hajasoma, anayelipa ni mwanawe aliye mjini, na ukimwachia achague atachagua sindano. Kwa hiyo daktari aamue, mgonjwa ameze.

Kuna mahali msimamo huo unafaa. Aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda, damu inamwagika, hahitaji mazungumzo ya faida na hasara. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya mgongo aliyeanza ghafla kushindwa kuzuia mkojo na kufa ganzi sehemu za siri; huyo akimbizwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba utaratibu wa dharura umebebwa mzimamzima ukapelekwa kwenye ugonjwa usiofanana nayo hata kidogo. Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Kwa wengi hayaondoki kabisa, hupungua tu, na mgonjwa huishi nayo miaka huku akimwona daktari kwa dakika chache kila baada ya miezi kadhaa. Kwa maradhi ya namna hiyo, daktari anayeamua peke yake hakosi adabu tu. Anakosea tiba.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyompa daktari ujasiri wa kuamua bila kuuliza. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, na kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Mgonjwa wa kawaida kati ya hao hupelekwa eksirei, na akiwa na uwezo, au ndugu wakichanga, MRI. Anarudi na bahasha kubwa chini ya kwapa na hukumu: pingili zimesagika, diski imetoka. Basi. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji wa Mayo Clinic, Marekani, walijumlisha tafiti zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwenye miaka 50, asilimia 80. Kwenye miaka 80, asilimia 96. Hao ni watu wazima wa afya, wanaoinuka asubuhi bila kushika kiuno.

Kwa hiyo picha huonyesha mgongo, haionyeshi maumivu. Lakini mtu akishaambiwa kwamba mifupa yake inasagika, anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Jembe anampa jirani, ndoo ya maji hainyanyui, ananunua mkanda wa kiuno na kuuvaa mpaka kitandani. Misuli inalegea na maumivu yanazidi. Ilhali mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unashauri wagonjwa wasipewe mikanda hiyo, wala kuvutwa kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni kama tiba ya kawaida. Unachopendekeza ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba za kisaikolojia, kuchuliwa, na dawa za kundi la ibuprofeni na diklofenaki kwa wanaozivumilia. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba haina mshindi. Hakuna tiba hata moja inayomfaa kila mtu. Mazoezi yapi, kwa mtu anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10? Achuliwe na nani, mara ngapi, kwa fedha gani? Majibu hayamo kwenye mwongozo wala kwenye bahasha ya eksirei. Anayo mtu mmoja tu, na ndiye anayetakiwa anyamaze.

Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, IASP, ilipopitia upya maana yake ya maumivu mwaka 2020, iliongeza kwamba mtu akieleza jambo kuwa ni maumivu, maelezo yake yaheshimiwe. Hayo hayakuandikwa kwa huruma. Hakuna damu inayopimwa ikatoa jibu la maumivu; kipimo ni maelezo ya mwenye mwili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na daktari, hata awe bingwa, hajakilalia hiki.

Dawa nazo zina mambo yake. Amitriptilini ni dawa ya zamani, rahisi, na imo katika orodha za dawa muhimu. Hutumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kama yale ya wenye kisukari wanaohisi miguu inawaka moto usiku. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 na kundi la Nanna Finnerup wa Denmark ulionyesha kwamba dawa za kundi la amitriptilini humpunguzia maumivu kwa nusu mgonjwa mmoja zaidi katika kila wagonjwa 3 au 4 wanaozitumia. Kwa pregabalini, ambayo ni ghali zaidi, ni mmoja katika karibu 8. Hizo ni takwimu nzuri katika fani ya maumivu. Hata hivyo maana yake ni kwamba wengi watakaopewa hawatapata nafuu hiyo kwa sababu ya dawa, na hakuna daktari anayeweza kuwatambua kabla. Tiba ya maumivu sugu ni majaribio. Na jaribio halina maana kama anayejaribiwa hajaambiwa kwamba ni jaribio, linaangaliwa kwa muda gani, na ni dalili gani itakayoonyesha kwamba limeshindwa.

Tuseme basi mgonjwa ni dereva wa bodaboda. Anaandikiwa amitriptilini, “kimoja usiku,” na mlango unafungwa. Anameza saa 4 usiku akiingia kulala. Saa 11 alfajiri yuko barabarani, macho mazito, mdomo mkavu kama amekula vumbi. Siku ya tatu anakaribia kuingia chini ya lori. Jioni hiyo anaisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi na kukuta kwamba ni dawa ya sonona. Kumbe daktari kaniona mwendawazimu! Vidonge vinaingia kwenye droo. Mwezi ukipita anarudi kliniki, anaulizwa kama alitumia dawa, anajibu ndiyo. Daktari anaandika kwamba dawa imeshindwa, na kumpandisha kwenye nyingine yenye bei na hatari kubwa zaidi.

Yote hayo yangeepukwa kwa maswali mawili na sentensi tatu. Unafanya kazi gani? Unaamka saa ngapi? Dawa hii ilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza mishipa. Wewe si mgonjwa wa akili. Inaleta usingizi, kwa hiyo tuanze na miligramu 10, uimeze saa 1 au saa 2 jioni, na siku za mwanzo usiendeshe alfajiri mpaka ujue inavyokuchukua. Wanaodai kwamba daktari anaamua peke yake wanasahau kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Uamuzi wa mwisho hufanyika nyumbani, mbele ya droo. Mgonjwa hushiriki siku zote. Tofauti ni kama anashiriki daktari akiwepo au akiwa hayupo.

Mfano wa goti unaeleza zaidi. Mwanamke wa miaka 60 wa mwambao mwenye goti lililochakaa akiulizwa maumivu yake ni mangapi kati ya 10, atasema 6, na namba hiyo itaandikwa kwenye faili bila kumsaidia mtu. Akiulizwa nini kimemshinda, atasema: kusujudu, na choo cha kuchuchumaa. Hapo tiba inabadilika. Zoezi la kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kadhaa kwa siku, linakuwa na shabaha anayoijali. Choo kinawekewa kiti cha mbao, kazi ya fundi wa mtaani. Kusali ameketi, jambo linaloruhusiwa kwa asiyeweza, kunaweza kuwa njia ya kupitia wakati goti linapata nguvu, au anaweza kusema hataki, na hilo nalo ni jibu. Ukifika mwezi wa Ramadhani, diklofenaki ya kutwa mara tatu haiwezekani kwa mfungaji. Asiyeulizwa ataimeza yote usiku kwa mkupuo au ataiacha. Na kama ana shinikizo la damu au vidonda vya tumbo, vidonge hivyo ni hatari hata bila kufunga, jambo ambalo huenda muuzaji wa duka la dawa hakumwambia alipokuwa anajinunulia mwenyewe miaka yote hiyo.

Na upasuaji? Mwaka 2002 Bruce Moseley na wenzake wa Houston walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wa goti lililochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa bila kuguswa ndani. Katika miaka 2 ya kufuatiliwa, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa ngozi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo madaktari walikuwa wameamua kwa niaba ya wagonjwa, kwa uhakika wote, kwamba upasuaji ule unafaa.

Sasa hoja ya muda. Ndiyo silaha kubwa ya upande wa pili, na ina uzito: uchambuzi wa mwaka 2017 uliohusu nchi 67 ulikuta kwamba katika nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wote duniani, mgonjwa huonwa kwa dakika 5 au pungufu. Lakini angalia dakika hizo zinavyotumika. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, Wamarekani, walirekodi mazungumzo ya kliniki na kukuta daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Mwaka 2002 madaktari wa Basel, Uswisi, walifanya kinyume chake. Waliwaacha wagonjwa 335 waseme mpaka wamalize. Wastani ulikuwa sekunde 92, na asilimia 78 walikuwa wamemaliza ndani ya dakika 2. Hofu kwamba mgonjwa akifunguliwa mdomo hafungi tena haina msingi.

Kuhusu vitabu vidogo na picha za kumsaidia mgonjwa kulinganisha tiba, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumlisha tafiti 105, yalikuta kwamba huongeza dakika 2.6 hivi kwenye maongezi, na wagonjwa huelewa zaidi hatari na faida. Dakika 2.6 si bure kwa kliniki ya watu 80. Ila dereva wa bodaboda aliyerudi mara nne kwa dawa aliyoacha kuimeza ametumia dakika ngapi? Na MRI isiyohitajika, na rufaa iliyotokana nayo? Anayehesabu muda ahesabu wote.

Hoja ya elimu na utamaduni ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu ilishawahi kutolewa na ikashindwa hadharani. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alipinga mpango wa kuwapelekea Waafrika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa hoja kwamba wengi wao hawajui saa na hivyo hawataweza kuzimeza kwa wakati. Miaka 5 baadaye jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi uliolinganisha ufuasi wa dawa hizo: Amerika ya Kaskazini, asilimia 55 ya wagonjwa walikuwa wafuasi wazuri, Afrika kusini mwa Sahara, asilimia 77. Watu hao hawakufikia hapo kwa kuamriwa. Kulikuwa na ushauri nasaha, kulikuwa na mikutano ya wanaoishi na virusi, kulikuwa na kuulizwa: nani nyumbani anajua? Utazimeza ukiwa na nani? Ukisafiri utafanyaje? Leo mtu anapotoka kwenye kliniki hiyo, ambako mgonjwa wa darasa la nne hueleza idadi ya virusi vyake, akaingia mlango wa pili wa jengo lilelile na kuambiwa kuwa mgonjwa wa Kiafrika hawezi kujadili mgongo wake, ana haki ya kucheka.

Mfano wa pili umo katika kila zahanati na umezoeleka mno kiasi kwamba hauonekani. Mwanamke akienda kwenye uzazi wa mpango, muuguzi hutandaza mezani vidonge, sindano, kijiti, kitanzi na kondomu. Anaeleza kila kimoja: hiki huweza kuvuruga hedhi, hiki kinakaa miaka, hiki ukikiacha unashika mimba upesi. Anauliza kama mume anajua na kama ana presha. Mama anachagua, na asipokipenda anarudi kubadilisha. Ni kuamua pamoja kwa asilimia mia, kunakofanywa na wauguzi wenye foleni ileile, kwa Kiswahili kilekile, mbele ya wanawake wengi wasiofika sekondari. Hakuna aliyesema ni anasa ya Wazungu. Yanayowezekana kwa uzazi yanashindikanaje kwa goti?

Tunabaki na hatari. Mgonjwa akisikilizwa, wanasema, tutakuwa Marekani. Ni onyo linalofaa kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu Marekani iliungua kweli. OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 2012 madaktari wa nchi hiyo waliandika vyeti vya dawa za jamii ya afyuni zaidi ya milioni 250 kwa mwaka, na mwaka 2017 pekee watu 47,600 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hiyo, zikiwemo zile za magendo. Lakini nani aliamua? Kampuni ndugu ya Purdue Pharma, mtengenezaji wa dawa hiyo, ilikiri mahakamani mwaka 2007 kwamba OxyContin iliuzwa kwa maelezo ya kupotosha kuhusu hatari ya uraibu. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa haina hatari hakushirikishwa. Alidanganywa, na daktari wake naye mara nyingi alikuwa amedanganywa kabla yake. Kumpa mtu anachoomba bila kumweleza ukweli ni biashara, hata kama muuzaji amevaa koti jeupe.

Kisha ikaja awamu ya pili, isiyosimuliwa sana huku kwetu. Mwaka 2016 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo wenye viwango vya tahadhari. Makampuni ya bima, majimbo na kliniki zikaugeuza kuwa amri, na wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa hizo kwa miaka wakapunguziwa au kukatiwa ghafla bila kuulizwa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ililazimika kutoa onyo kuhusu kukatisha ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na kufuatilia wagonjwa zaidi ya 113,000 ulikuta kwamba kupunguziwa dozi kuliambatana na visa zaidi vya kuzidisha dawa na vya dharura za afya ya akili. CDC iliurekebisha mwongozo mwaka 2022 na kusisitiza kwamba uamuzi wa kupunguza ufanywe na mgonjwa na daktari kwa pamoja. Basi Marekani ilikosea mara mbili, mara ya kwanza kwa kumwaga, mara ya pili kwa kukata, na mara zote mbili mtu mwenye maumivu hakuwa na sauti. Anayeitumia nchi hiyo kama hoja ya kumnyamazisha mgonjwa ameisoma hadithi nusu.

Kuamua pamoja hakumwondolei daktari neno “hapana.” Mgonjwa akiomba sindano ya diklofenaki kila wiki, na wengi wataiomba kwa sababu kliniki zenyewe ndizo zilizowazoesha, daktari ana wajibu wa kukataa na kueleza: sindano haina nguvu ya ziada inayodumu kuliko kidonge, figo zako ziko hatarini, na hili ndilo tunaloweza kufanya badala yake. Hata utafiti wa Erin Krebs wa Minneapolis, uliofuatilia wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na magoti kwa mwaka mzima na kukuta dawa za afyuni hazizidi dawa za kawaida, ni habari ya kumpa mgonjwa. Kuuweka utafiti huo kabatini na kumjibu “haturuhusiwi” ni kumfanya mtoto.

Huku kwetu kosa limeelekea zaidi upande wa pili. Tume ya jarida la Lancet ilikuta mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Uganda ilijibu upungufu huo kwa mofini ya maji, iliyoanzishwa na Hospice Africa ya Anne Merriman tangu 1993. Na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huduma shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Mgonjwa wa saratani huondoka na chupa, hupima nyumbani, na dozi hupandishwa au kushushwa kwa maelezo yake. Mpango huo usingeweza kwenda hatua moja kama neno la mgonjwa lisingeaminiwa.

Anayeuhitaji uaminifu huo kuliko wote ni mwenye selimundu. Ugonjwa huu una maumivu ya kila aina, ya ghafla na ya kudumu, na mwenye nao huujua tangu utotoni: anajua ni dawa gani humtuliza, kwa kiasi gani, na wakati gani usisubiri. Kijana wa miaka 20 akifika mapokezi na kutaja jina la dawa na dozi, badala ya kushukuriwa anatazamwa kama teja. Atulie kidogo anaambiwa anaigiza. Apige kelele anaambiwa anadeka. Wakati huohuo ipo haidroksiyurea. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa hiyo watoto 606. Matukio ya maumivu makali yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji. Ni mafanikio makubwa. Lakini ni kidonge cha kila siku kwa maumivu ambayo leo hayapo, chenye vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa mtoto anayeonekana mzima. Mzazi asiyeelezwa kwa nini ataacha mwezi wa pili, hasa nauli ikipanda. Uamuzi huu hauwezi kufanyika bila yeye, kwa sababu yeye ndiye atakayeutekeleza miaka 10 ijayo.

Na wale wanaosema familia ndiyo inayoamua? Wakaribishwe. Hakuna anayedai mgonjwa afungiwe chumbani peke yake na daktari. Mtoto anayelipa anapaswa kusikia kwamba MRI ya pili haitabadilisha tiba, kabla hajauza mbuzi. Ila aulizwe kwanza mwenye mgongo, na aulizwe yeye, kwa macho ya kumtazama yeye.

Wapo pia wanaotetea ushirikishaji kwa namna inayouharibu. Hao humkabidhi mgonjwa karatasi mlangoni pa chumba cha upasuaji, “saini hapa,” na kuliita hilo ridhaa. Au humtajia tiba tano na kumwambia achague, daktari akiegemea kiti. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, “Angekuwa mama yako ungemshauri nini?” na kujibiwa. Ana haki hata ya kusema “amua wewe,” baada ya kusikia. Ile kauli ya “wewe ndiye daktari” mara nyingi hutamkwa kabla mtu hajaulizwa lolote. Ni heshima ya mtu anayejua kwamba akiuliza sana ataitwa mjuaji, na haistahili kusomwa kama hati ya kukabidhi mwili.

Sheria nayo si ya Wazungu peke yao. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na haki yake ya kukataa. Tena kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Wabunge hawakuandika kwamba kifungu hicho kinaanza kazi foleni ikiisha.

Msomaji mwenye miadi wiki hii, nenda na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, za dukani na za mitishamba, usifiche hata moja. Taja jambo moja unalotaka kuweza kulifanya tena. Kisha uliza maswali matatu ambayo watafiti wa Sydney waliyajaribu mwaka 2011 kwa kuwatuma waigizaji waliojifanya wagonjwa, na kukuta madaktari wakiwapa maelezo zaidi: nina njia gani? Kila moja ina faida na madhara gani? Uwezekano wa hayo kunitokea mimi ni kiasi gani? Na kabla hujainuka, mkubaliane na daktari tarehe ya kukaa tena kuangalia kama tiba imefanya kazi, na ni nini kikitokea itaachwa.